Ukurasa wa Kigego

Kitabu alichoniachia babu mzaa mama nimekitia gundi mgongoni mara tatu, na bado kila nikikifungua kinaachia karatasi. Ni Habari za Wakilindi, chapa ya mwaka 1962 ya East African Literature Bureau, Nairobi. Nakitunza ndani ya mfuko wa nailoni, kwenye droo iliyo chini ya mashine ya fotokopi, katika fremu yangu ya steshenari hapa Chanika, Handeni mjini. Wanaokuja kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa na barua za serikali ya mtaa wakikiona huuliza bei. Nawaambia hakiuzwi, ila mwenye nafasi avute benchi asome.

Nilifundisha Kiswahili na Kiingereza sekondari kwa miaka 31 kabla ya kustaafu. Baba yangu Mzigua, mama Msambaa wa Korogwe. Nataja asili hiyo kwa sababu neno lililonifunza kazi ninayotaka kuieleza nililisikia pande zote mbili nikiwa mtoto. Neno lenyewe ni kigego.

Kigego ni mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Wazee waliamini kwamba mtoto huyo amezaliwa na nuksi, na akiachwa akue ndugu zake watakwisha. Wako watoto waliopoteza maisha kwa imani hiyo, ndiyo maana hata leo wazee wetu hawalitamki neno hilo kwa sauti mbele ya mama anayenyonyesha. Katika Habari za Wakilindi ndilo linaloanzisha safari nzima. Mbega, mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu, alinyimwa urithi na ukoo wake kwa kuwa ni kigego. Akaondoka na mbwa wake, akafika Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa pale. Kijana huyo akafa mawindoni, Mbega akakimbia tena, mpaka akapanda milima ya Usambara. Huko akawagawia watu nyama, akaua simba, na Vuga wakamfanya mfalme wao. Ukoo wa Wakilindi uliotawala Usambara unaanzia kwa mtoto ambaye kwao hakutakiwa. Jina la Kilindi bado liko kwenye ramani ya Mkoa wa Tanga: ni wilaya iliyokatwa kutoka Handeni mwaka 2002, makao makuu yake Songe.

Miaka miwili iliyopita nilianza kuchangia katika kamusi huru moja ya mtandaoni, ya aina ile ambayo yeyote mwenye simu na bando anaweza kuongeza neno. Nikatafuta kigego. Nilikuta maana fupi ya mstari mmoja na chini yake hakuna kitu, hakuna mfano wala kitabu. Nikasema, huyu namjua kwao.

Nikaandika usiku uleule. Sentensi ya kitabu niliikumbuka, maana nimeifundisha, nikaiandika kwa kichwa. Mwaka nikaweka 1895, kwa kuwa nilijua kitabu kilianza kupigwa chapa mwaka huo. Palipokuwa na neno lililoandikwa kizamani nikalinyoosha likae kama tunavyoandika sasa. Asubuhi nikakuta nukuu yangu imeondolewa, na mhariri mmoja wa mbali nisiyemjua ameacha ujumbe wa adabu: umenukuu chapa ipi, ukurasa wa ngapi, na hivi ndivyo lilivyoandikwa kitabuni?

Nilikasirika. Nilijiona ninaulizwa kitambulisho mlangoni kwangu mwenyewe. Nikatoa mfuko kwenye droo ili nimwonyeshe ukurasa. Haukuwepo. Karatasi zile za mwanzo, za Mbega na nduguze, zilikuwa zimechopoka zamani, nami miaka yote hiyo nilikuwa nazisoma kichwani nikidhani nazisoma kitabuni.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza nukuu za kamusi ni kitu gani. Anachokiandika mtunzi wa kamusi kuwa maana ya neno ni maelezo yake. Nukuu ni shahidi wake. Na shahidi, hata kwenye baraza la kata, huulizwa jina, anakokaa, na siku ya tukio alisimama wapi.

Waingereza ndio waliolifikisha jambo hili mbali kuliko wengi, na miongoni mwa vitabu walivyovitegemea sana ni vya enzi ya William Shakespeare na waliomfuatia, yaani miaka ya 1500 na 1600. Samuel Johnson alitoa kamusi yake London mwaka 1755 ikiwa na maelfu ya nukuu kutoka kwa waandishi wa enzi hiyo. Kwa kuwa nyingine alizitoa kichwani, zimo zilizopinda. Zaidi ya miaka 100 baadaye kazi kubwa zaidi ikaanza, ile iliyozaa kamusi ya Oxford. Mhariri wake, James Murray, aliichukua mwaka 1879. Alijenga kibanda cha mabati, akakijaza rafu zenye vishubaka zaidi ya 1,000, kisha akawaomba watu wa kawaida wasome vitabu. Msomaji akikuta neno, alichukua kipande cha karatasi, akaandika neno juu, chini yake mwaka, mwandishi, jina la kitabu, ukurasa, halafu sentensi yenyewe bila kuigusa. Karatasi zilifika kwa mamilioni. Watoto wa Murray walilipwa fedha kidogo kuzipanga kwa alfabeti. Fungu la kwanza la kamusi lilitoka 1884, la mwisho 1928, Murray akiwa amekwisha kufa. Shakespeare peke yake amenukuliwa humo zaidi ya mara 30,000.

Mmoja wa wasomaji wake bora alikuwa daktari wa jeshi kutoka Marekani, William Chester Minor, aliyekuwa amefungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Broadmoor baada ya kumuua mtu London mwaka 1872. Chumbani alikuwa na vitabu vyake vya karne ya 16 na ya 17. Hakunukuu ovyo ovyo. Kila kitabu alikitengenezea faharasa ya maneno yenye namba za kurasa, kisha akawauliza wahariri wiki hii wanahangaika na neno gani, akawapelekea hilo. Nimelifikiria sana jambo hili: mtu aliyefungiwa na akili inayomtesa, na bado namba zake za kurasa zinaaminika hadi leo.

Kuna jingine linalonigusa zaidi. Katika kazi ile yote, neno moja la Kiingereza lenye maana ya kijakazi liliachwa nje ya chapa ya kwanza kwa sababu karatasi zake zilipotea. Likaingizwa kwenye nyongeza ya mwaka 1933. Karatasi chache zilipotea, na kijakazi akakosa nafasi katika kamusi iliyokuwa na maneno zaidi ya 400,000. Sisi tuliozaliwa kwenye njia za misafara ya kwenda Pangani tunajua vijakazi walikuwa kina nani.

Swali la mwaka ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote. Nitaeleza kwa mchezo tunaoujua hapa nyumbani. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ikatoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Baadaye akairekebisha, ikatoka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Anayenukuu neno humo akiandika tu “Nyerere, tafsiri ya Shakespeare,” hajasema kitu, maana kati ya chapa hizo mbili mtafsiri mwenyewe aliyapitia maneno yake upya.

Sasa rudi kwenye asili. Mgeni kutoka Uswisi, Thomas Platter, aliandika kwamba aliuona mchezo kuhusu Julius Caesar ukiigizwa London mwaka 1599. Shakespeare alifariki 1616. Mchezo wake huo haukupigwa chapa mpaka 1623, katika kitabu kikubwa cha tamthilia zake walichokitoa wenzake wa jukwaani. Basi neno lililomo lina umri gani? Wahariri wa kwanza wa Oxford waliweka 1601, mwaka uliokadiriwa na wataalamu wa wakati wao. Wahariri wa sasa, katika kamusi hiyo ambayo imo mtandaoni tangu mwaka 2000, huandika 1616 na kutanguliza herufi moja ndogo yenye maana ya “si baada ya,” halafu kwenye mabano wanaweka 1623, mwaka wa karatasi waliyoishika. Mwandishi hawezi kuwa aliandika akiwa kaburini, na karatasi haina umri zaidi ya chapa yake. Wanasema wanachoweza kukionyesha, basi.

Nilipoelewa hilo niliona kosa langu lilipo. Habari za Wakilindi ziliandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, mtu aliyeishi Usambara na kuwajua watawala wake uso kwa uso. Hata jina lake tu huandikwa kwa namna zaidi ya moja, na hilo nalo ni tatizo la anayenukuu. Wamisionari wa Magila, upande wa Muheza, walikichapa kitabu chake kwa sehemu, ya kwanza 1895 na ya mwisho 1907. Chapa ya 1962 ilihaririwa na J. W. T. Allen, yule aliyezunguka pwani akikusanya miswada ya Kiswahili ambayo sasa iko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilipoandika 1895 nikiwa na kitabu cha 1962, nilimpa shahidi umri wa mtu mwingine. Niliponyoosha tahajia, nilimbadilisha na sauti.

Tahajia si jambo dogo. Kwenye kile kitabu cha 1623, katika kichwa cha mchezo, jina la Julius halina J wala halina U. Limeandikwa kwa I na V, kwa sababu ndivyo wachapaji wa wakati huo walivyotumia herufi kubwa. Wahariri makini huliacha hivyo hivyo. Kwetu shida ni kubwa zaidi, maana fasihi yetu ya zamani iliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani, unatajwa kuwa wa 1728. Katika maandishi ya namna hiyo alama moja ya irabu husimama kwa o na kwa u, nyingine kwa e na kwa i. Ota na uta zinafanana. Toa na tua zinafanana. Anayezihamishia kwenye herufi za Kirumi anachagua, na asiposema kwamba amechagua, msomaji wa kamusi atadhani mshairi ndiye aliyechagua.

Kamusi zetu zimefanya kazi kubwa, sitaki kuonekana nazibeza. Ludwig Krapf, aliyefika Vuga mwaka 1848 na kupokewa na mtawala wa huko, Kimweri, alitengeneza kamusi ya Kiswahili iliyochapwa London 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ikaja ya Madan mwaka 1903, ya Johnson mwingine 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini kwa kawaida mfano wa sentensi unaoukuta kwenye kamusi yetu umetungwa na mhariri. Unakuonyesha jinsi ya kulitumia neno leo. Haukwambii nani alilitumia, lini, wala lilibeba nini.

Chukua bepari. Nyerere alipotafsiri The Merchant of Venice, tamthilia iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1600, aliiita Mabepari wa Venisi. Ikatoka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Wanafunzi wangu wa miaka ya themanini walipoona jalada walijua moja kwa moja hao ni wanyonyaji. Lakini katika kamusi ya Johnson ya 1939 bepari ni mfanyabiashara tu, neno lililokuja na wafanyabiashara wa Kihindi. Jina la Shakespeare linamtaja mfanyabiashara mmoja, la Mwalimu linataja wengi. Aliyekuwa Rais wa nchi alikuwa ameshika neno wakati linageuka, na jalada lina tarehe. Ukiweka 1939 na 1969 chini ya kidahizo kimoja, msomaji anaona neno likitembea. Nilifundisha kitabu hicho miaka mingi na sikuwahi kulisema hilo darasani, jambo linaloniuma hadi leo.

Kwenye kamusi huru ya Kiingereza iitwayo Wiktionary, iliyoanza Desemba 2002, neno la lugha yenye maandishi mengi likitiliwa shaka hutakiwa kuwa na nukuu tatu, za waandishi tofauti, zilizoenea kwa muda usiopungua mwaka mmoja, kutoka kwenye maandishi yanayodumu. Lugha yenye maandishi machache huruhusiwa moja. Ni huruma nzuri, lakini fikiria Kizigua. Maneno ambayo shangazi zangu waliyasema kila siku kisimani hayamo kwenye karatasi hata moja, na kisima hakihesabiwi kuwa maandishi yanayodumu. Ndiyo sababu nilimganda huyo kigego. Yeye angalau ana kitabu.

Basi nikaenda kuutafuta ukurasa. Mama mdogo anaishi Manundu, Korogwe, na nilikumbuka kwamba marehemu mume wake alikuwa na nakala. Nilipanda gari la asubuhi, tukapita Sindeni, jua likiwa bado halijakolea. Nilimkuta uwanjani akianika mahindi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekuja na njaa au umekuja na shida?”

Nikamwambia nimekuja na kitabu. Akaingia ndani, akakaa muda mrefu, akatoka na kifurushi cha kanga. Nakala yake ilikuwa imeliwa na mchwa pembeni, lakini kurasa za mwanzo zilikuwepo zote. Hakunipa mkononi. Alikipakata, akavaa miwani, akasoma mwenyewe kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari, mpaka akafika penye neno. Hapo kidole kikasimama, na mdomo ukasimama. Akaruka neno, akaendelea.

Nilimwomba aniachie nipige picha. Nikapiga ukurasa wenyewe, ukurasa wa jina la kitabu, na ule wa nyuma yake wenye mwaka na mchapaji. Nikalinganisha na sentensi niliyokuwa nikiifundisha. Haikuwa ile. Maneno yalikuwa karibu, mpangilio haukuwa wake. Kwa miaka 31 nilikuwa nimemtungia Abdallah bin Hemedi sentensi yangu.

“Hilo neno unalipeleka wapi?” mama mdogo akauliza.

“Kwenye kamusi mama. Watu wote waweze kulisoma, na wajue limetoka kitabu gani.”

Akakifunga kitabu ndani ya kanga, akafunga fundo. “Sisi tulikuwa saba,” akasema. “Mama yako hakuwahi kukwambia. Wa nne aliota meno ya juu.” Hakuongeza kitu, nami sikuuliza. Baadaye kidogo, tukiwa tunageuza mahindi, akaniambia: “Ukiandika habari za Mbega, andika pia kwamba yule waliishi naye watu wa ugenini, wakampenda.”

Nukuu ya kamusi haina nafasi ya hayo. Inabeba sentensi moja, au mbili zikiwa fupi. Nikiwa kwenye gari la kurudi Chanika niliandika nukuu upya kwenye simu: 1962, jina la mwandishi kama lilivyo kwenye ukurasa wa jina, mji wa uchapaji, namba ya ukurasa, na sentensi kama ilivyo. Kisha nikaongeza nukuu ya pili kutoka kurasa za mbele, pale Vuga wanapompokea, nikaiweka chini ya neno zumbe, yaani mtawala, ambalo nalo halikuwa na shahidi. Zote mbili zimekaa hadi leo. Yule mhariri wa mbali alinishukuru kwa maneno mawili.

Mahali pa 1895 bado nimepaacha wazi. Kama kuna msomaji ambaye nyumbani kwao, Muheza, Lushoto au kwingine, kuna zile sehemu zilizochapwa Magila, tafadhali asizitoe nje ya nyumba. Apige picha ukurasa wa jina la kitabu na kurasa za mwanzo zinazomtaja Mbega, mwanga utokee ubavuni ili herufi zisionekane kufifia. Kisha aniletee picha hizo. Fremu yangu iko wazi saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, umeme ukiwepo.